Mgongo wa Mkaguzi

Jumatatu, 11 Machi

Mvua zimeanza kwa fujo na gundi imekataa kukauka. Mume wangu, ambaye ni fundi wa makochi tangu sijamjua, anazunguka karakana akigusa mbao kwa kidole na kusonya. Mimi hushona vitambaa vya makochi hayo katika chumba cha mbele. Kwa kuwa kazi inasuasua, nimeamua msimu huu niwe naandika kidogo. Habari ya leo ni moja tu: wifi yangu anakuja. Upepo umeezua paa la nyumba yake, na fundi wa paa hapandi mpaka mvua ipungue. Yaani atakuwa hapa msimu mzima.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na mpaka leo ukoo mzima unamwita Matroni. Akiingia chumbani watu hunyoosha shuka bila kuambiwa. Nimepanga kabati, nikalipanga tena.

Jumatano, 13 Machi

Amefika. Akatandua kitanda nilichomtandikia, akakitandika upya. Nimemeza maneno.

Ijumaa, 15 Machi

Leo Matroni kaona ukaguzi kwa mara ya kwanza.

Hapa kwetu kochi haliendi kwa mwenyewe mpaka likaguliwe, na mkaguzi ni mbwa. Ni mdogo, miguu mifupi, mgongo mrefu kuliko haki yake. Mteja mmoja aliyehama alituachia akiwa bado mtoto, naye akakulia kwenye vumbi la mbao. Kochi likikamilika, mume wangu hupiga kiganja juu ya sponji. Mkaguzi anatoka mbio tangu mlangoni, anaruka juu, anajizungusha, halafu ama analala ama anashuka. Akilala, kochi limepita. Akishuka, mume wangu anafungua kitambaa kwa chini na kutafuta springi iliyolegea, na haki ya Mungu mara nyingi anaipata. Wateja wanapenda jambo hili kuliko kochi lenyewe. Kuna wanaokuja na ndugu zao kutazama.

Matroni alitazama akiwa amefunga mikono nyuma.

"Huwa anaruka hivi kila siku?"

"Kadiri ya kazi, dada," akajibu mume wangu akicheka.

"Na kushuka nako anaruka?"

"Sasa atashukaje? Kwa ngazi?"

"Hm," akasema Matroni. Hiyo "hm" niliisikia mpaka jikoni.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Matroni amenionyesha namna bora ya kukunja taulo. Nina umri wa kuwa bibi ya mtu.

Jumanne, 19 Machi

Asubuhi Mkaguzi hakuja kula, na huyu si mbwa wa kukosa chakula. Tulimkuta amesimama nyuma ya mapipa ya gundi, mgongo kaupinda juu, kichwa kakiinamisha, anatetemeka ingawa hakukuwa na baridi. Mume wangu akamgusa tumbo, likawa gumu kama ubao.

"Amekula sponji tena," akasema. "Ni tumbo hili."

Nikamwamini, maana sponji ameshawahi kula. Nikaenda kumnyanyua kama ninavyomnyanyua siku zote, kwa makwapa, kama mtoto. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mbwa wala kwa mtu. Nusura nimwangushe.

"Mweke chini, wifi," akasema Matroni. "Taratibu. Usimbebe tena hivyo."

Mume wangu alikwishafungua kopo la vidonge vyake vya maumivu ya kichwa. Matroni akamshika mkono. "Dawa ya mtu haimfai mbwa. Inaweza kumuua. Rudisha kabatini."

Kisha yule mama, na magoti yake yanayolia akipanda ngazi, akakaa sakafuni kwenye vumbi la mbao na sketi yake iliyopigwa pasi. Hakumgusa mbwa. Alimtazama tu. Mkaguzi akajikokota mpaka mlangoni, akafika kwenye kizingiti anachokiruka maisha yake yote, akasimama. Akakitazama. Akageuka kurudi.

"Si tumbo," akasema Matroni. "Nimeishi na wasichana mia wakijishika tumbo siku ya mtihani. Anayeumwa kweli hajishiki popote, anaogopa hata kugeuka. Huyu ni mgongo. Mwiteni daktari."

Nakiri kwamba nilikasirika kidogo. Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli, na alikuwa kwangu.

Jumanne hiyo hiyo, jioni

Daktari wa mifugo ni kijana mwenye mabuti ya mvua. Siku zake nyingi ni za ng'ombe na kuku, lakini alimshika Mkaguzi kama anashika yai. Alimbonyeza kando ya uti wa mgongo, taratibu, pingili baada ya pingili, mpaka mbwa akashtuka. Kisha akamkunja nyayo ya nyuma upande wa juu ukawa ndio unaokanyaga, akangoja aone kama ataigeuza mwenyewe. Aliigeuza, lakini kwa kuchelewa, kama mtu anayejibu salamu huku anawaza mengine.

Mume wangu akataka kujua ugonjwa gani huu. Daktari akatazama huku na huku, akachukua mto mmoja wa kochi.

"Fundi, kati ya pingili na pingili kuna kimto kama hiki. Mbwa wenye mgongo mrefu na miguu mifupi, vimto vyao hukauka mapema. Siku moja anaruka, kimto kinapasuka, sponji ya ndani inatoka na kubana mishipa inayopeleka habari miguuni. Ndiyo maumivu haya."

"Kwa sababu ya kuruka?"

"Amezaliwa nao udhaifu huo. Ila kuruka kunauamsha."

Mume wangu alikuwa anautazama mto.

Dawa ametoa, na amesema dawa si kitu bila kizimba. Mkaguzi afungiwe mahali padogo, pa kugeuka na kulala tu, kwa wiki kadhaa. Kutoka ni kwa haja peke yake, tena kwa kubebwa, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, mgongo ukae sawa. Asiruke, asipande ngazi, asivutwe kwa kamba ya shingoni. Alipokuwa anavaa koti lake akageuka. "Jambo moja msilisahau. Kesho kutwa dawa itamwondolea maumivu, naye atajiona mzima. Hapo ndipo hatari inapoanza."

Jumatano, 20 Machi

Mume wangu ametengeneza kizimba kwa mbao za fremu ya kochi, kapiga msasa kila ukingo na kuweka sponji nzuri chini, ile ya wateja wakubwa. Sijaona kizimba cha mbwa kizuri namna hii. Matroni alipitisha kiganja ndani kutafuta vibanzi. Hakupata hata kimoja, akasema, "Vizuri, mdogo wangu." Mume wangu ana mvi, lakini alitembea siku nzima kama aliyepewa zawadi shuleni.

Jumapili, 24 Machi

Mkaguzi anakula, anabweka, anakwaruza mlango wa kizimba. Anatutazama kama mfungwa asiye na kosa. Mume wangu haingii tena karakana kwa mlango ulio karibu na kizimba.

Jumatano, 27 Machi

Mvua kutwa.

Ijumaa, 29 Machi

Mwandiko wa leo ni mbaya, mwenye kusoma anisamehe.

Leo Matroni alikwenda kutazama nyumba yake, na mimi nilikwenda kununua uzi. Mteja wetu mmoja, mama wa saluni, akaja kuchukua kochi refu la kukalia wateja wake. Ni mama mchangamfu, ana sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Akakuta kochi zuri, akakuta Mkaguzi amesimama kizimbani mkia unapiga mbao, akasema, "Fundi, mimi sichukui kochi ambalo halijakaguliwa. Wateja wangu nimeshawaambia." Alikuwa anatania. Hakujua lolote. Mume wangu angeweza kusema mbwa anaumwa. Lakini alimtazama Mkaguzi, macho yanang'aa, mkia unakwenda, na moyo wake ukamwambia amepona. Mara moja tu, akajisemea. Akafungua mlango.

Hakupiga hata kiganja. Mkaguzi alitoka mbio, akaruka, akajizungusha, akalala. Mama wa saluni akapiga makofi. Kisha mbwa akaruka kushuka.

Nilirudi nikakuta kochi limebaki katikati ya karakana na mama wa saluni amesimama, mkono mdomoni. Mume wangu alikuwa amepiga magoti. Mkaguzi alikuwa anakwenda kwake kwa miguu ya mbele, na nyuma yake miguu miwili inaburuzika kama kitambaa. Hakulia. Alikuwa anatazama nyuma yake mara kwa mara, kuona ni nini kinachomvuta.

Daktari alifika amelowa mpaka kiunoni, barabara ya chini imejaa maji. Akakunja nyayo, ikabaki imekunjika. Akatoa koleo dogo, akabana kidole cha mguu wa nyuma, akangoja. Mimi niliziba uso. Halafu nikasikia Mkaguzi akinguruma, akageuka kumng'ata daktari, na daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Anahisi. Miguu imekufa ganzi ya kutembea, lakini maumivu makali yanafika kichwani. Hapo bado tuna matumaini. Wanaopasua mgongo wa mbwa wapo mjini tu, na njia imekatika. Akikaa kizimbani kikweli safari hii, wapo wanaoinuka. Lakini mbaneni kila siku. Siku akiacha kugeuka, nipigieni saa hiyo hiyo, tutatafuta hata mtumbwi, maana hapo ni kupasuliwa mara moja au basi tena."

Kisha akatuambia hawezi kukojoa mwenyewe. Itabidi tumkamue.

Matroni alirudi daktari akiwa bado hajaondoka. Mume wangu akasimama, akamweleza dada yake yote, hakupunguza neno. Nami nikangoja. Nilijiandaa kumtetea, maana mwanamke huyu alionya, na ana kipawa cha kuonya. Ningesema kitu kibaya, ninajijua.

Matroni alivua koti lililolowa, akalitundika. Akamgeukia mdogo wake.

"Mwenye kutaka kumfungulia ni anayempenda," akasema. "Sasa pima kizimba upya. Kipunguze. Wewe wifi, taulo. Daktari, nionyeshe hilo la kukamua."

Hapo hapo, na sketi yake ya safari, akajifunza.

Jumamosi, 30 Machi

Nimejaribu kumkamua. Nimeshindwa. Matroni anaweka mikono pande mbili za tumbo, karibu na miguu ya nyuma, anatafuta kile kibofu kama embe bivu, anakibana polepole kuelekea nyuma, na mkojo unatoka mwembamba na mrefu. Mimi nilipata matone na jasho langu mwenyewe.

Jumatatu, 1 Aprili

Naona ni haki niandike anavyofanya kazi, maana nilikuwa nimepanga kuandika mengine.

Anaamka kabla yetu. Anamkamua mbwa, anamfuta kwa maji ya vuguvugu, anamkausha mpaka kwenye mikunjo ili asipate vidonda. Anambadilisha upande wa kulala. Anakunja na kukunjua miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, kama anayeendesha baiskeli ya mtu mwingine, kama daktari alivyomwelekeza. Anabana kidole kwa koleo alilotuachia daktari. Mkaguzi anageuka na kununa. "Asante," Matroni anamwambia, kila mara, kwa adabu kabisa. Hamwiti majina matamu. Hamlilii. Wageni wakija na nyuso za msiba anawatoa nje: "Hapa hatuna marehemu." Mbwa mwenyewe anamtazama yeye peke yake.

Nilidhani ukali wake ni wa kutaka kutawala. Sasa naona ni wa kutosahau. Yeye hasahau kitu, mchana wala usiku, na anayeumwa anahitaji mtu wa namna hiyo kuliko mwenye maneno mazuri.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeweza! Mkojo umetoka wote. Matroni akasema "hm," lakini hii ilikuwa nyingine.

Jumapili, 7 Aprili

Mama wa saluni amekuja na taulo laini za saluni, rundo zima, na macho mekundu. Hakupaza sauti hata kidogo. Mume wangu amemshonea Mkaguzi mkanda wa kumning'iniza tumboni, kwa ile mikanda inayoshika springi za kochi, ndani akatandika taulo moja. Daktari amesema ndio wa kumshikilia nyuma atakapoanza kusimama. Akasema "atakapoanza", na sote tulisikia.

Jumanne, 9 Aprili

Mteja ameuliza ukaguzi. Mume wangu akasema, "Tumeacha," akapanda kochi mwenyewe, akalala chali na viatu mkononi. Kochi limepita.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo sitaisahau.

Matroni alibana kidole cha kushoto, Mkaguzi hakugeuka. Akabana tena. Kimya. Mbwa alikuwa amelaza kidevu kwenye sponji, macho wazi, anatazama mvua. Mume wangu akaacha nyundo. Mimi nikachukua simu, nikasahau namba ya daktari niliyoipiga msimu mzima.

Nilimtazama wifi, nikaona mikono yake inatetemeka. Ile mikono. Sikujua kama inaweza. Alifumba macho kidogo, kama mtu anayehesabu wanafunzi gizani na kukosa mmoja.

"Mpeni nafasi," akasema, sauti imekauka. "Labda nimebana ngozi tu."

Akasogeza koleo mpaka kwenye mfupa wa kidole. Akabana.

Mkaguzi alipiga yowe, akageuka, akamng'ata. Alimng'ata kweli, damu ikatoka kwenye kidole gumba. Na Matroni, na damu inatiririka, akasema, "Asante, baba. Asante sana." Akakaa chini palepale. Nikamfunga kidole kwa kitambaa cha velveti, ndicho kilichokuwa karibu, na yeye hakuniambia kwamba nimekifunga vibaya.

Jumapili, 14 Aprili

Gundi imekauka kwa siku moja. Mvua zinachoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Mkia! Mume wangu alikuwa anampita na bakuli, mkia ukapiga ubao mara moja. Akarudi, akampita tena. Ukapiga. Ameshinda akipita na bakuli tupu.

Jumatatu, 22 Aprili

Amekojoa mwenyewe, kwenye taulo la mama wa saluni. Tumeshangilia mpaka jirani akachungulia. Ningemweleza nini?

Jumatano, 24 Aprili

Daktari amekuja, amekunja nyayo, ikageuka, polepole. Ametikisa kichwa kwa kustaajabu. Amemwambia Matroni kwamba ameona mbwa wengi wa namna hii kwa watu wenye kila kitu, na hawakutunzwa hivi. Matroni akamwuliza kama amekula. Ndiyo namna yake ya kupokea sifa.

Kuanzia leo anaruhusiwa kusimama kwenye mkanda, muda mfupi, kwenye mkeka usioteleza. Miguu inapepesuka, inapishana, inakaa chini bila kuagizwa. Mume wangu anachonga kibao cha mteremko badala ya kizingiti.

Jumamosi, 27 Aprili

Fundi wa paa amepita kuchukua kiti chake. "Mama vipi?" akaniuliza. "Nyumba yake iko tayari tangu wiki iliyopita, ufunguo ninao. Nikimpigia ananiambia ngoja kwanza."

Sijamwambia mtu. Nilimtazama wifi kwa mlango. Alikuwa ameinama, ameshika mkanda, anatembea nyuma ya mbwa kwa hatua za mtoto mchanga, kiuno kinamuuma, najua, maana jioni hujipaka dawa akidhani sioni. Nilikwenda nikamtengenezea chai, nikaweka sukari nyingi kama anavyopenda, ingawa mwezi wa tatu nilimwambia kijiko kimoja kinatosha.

Jumatano, 1 Mei

Jua. Matroni amefunga masanduku.

"Hajatembea bado, dada," nikasema. Ndivyo lilivyonitoka, dada, nami nikaliacha lilivyo. "Bila mkanda hawezi. Nani atamshika?"

"Wewe."

"Mimi sina mikono yako."

"Mikono yangu ilitetemeka, uliiona. Wewe ulimfunga mtu kidole." Akafunga sanduku la mwisho. "Ningebaki, lakini nikibaki utakuwa unaningoja mimi kila asubuhi. Na yeye pia."

Mume wangu alimsindikiza. Mimi nilibaki na Mkaguzi, aliyetazama mlangoni muda mrefu baada ya wao kupita.

Ijumaa, 3 Mei

Asubuhi nilimkunja miguu, nikamkunjua, nikasema asante. Nikamweka kwenye mkeka, nikamfunga mkanda, nikaushika juu kama alivyonifundisha, usivute, usibebe, uwepo tu. Alisimama. Akaanza kwenda, mimi nyuma yake nimeinama, namwambia taratibu, taratibu, mpaka tukafika kwenye kile kibao cha mteremko. Ndipo nilipoona mkanda mkononi mwangu umelegea. Ulikuwa umelegea muda wote. Nilikuwa nimeshika hewa.

Nikauachia. Akapanda kibao, miguu ya nyuma inayumba, mmoja unachelewa, akasimama juu, akatazama uani, akashuka upande wa pili. Mwenyewe.

Nilimpigia simu nikiwa nimekaa sakafuni.

"Dada, amekwenda. Mkanda uko chini. Amekwenda mwenyewe mpaka nje."

Nikasikia mtu mzima akipenga kamasi, akaanza kusema, akashindwa, akapenga tena. Nikangoja, nami machozi yananitoka, mbwa ananusa nyasi kwenye jua.

"Nyasi zimelowa?" akauliza mwishowe.

"Zimelowa kidogo."

"Basi mrudishe ndani," akasema. "Atateleza."